Kuku wa Illuminée na Zawadi ya Shemeji

Mimi nauza chakula cha kuku hapa Kabeza, Kigali, mwaka wa kumi na moja huu, na nitasema bila kumung'unya maneno: kuku wa mji huu hawauawi na magonjwa peke yake. Wengi wanauawa na adabu. Adabu ya kuinamisha kichwa, adabu ya "ndiyo mzee", adabu ya kupokea kitu kwa mikono miwili huku moyo unakataa. Nimeiona kwa macho yangu kwenye banda la jirani yangu Illuminée, na kila nikiikumbuka damu inanichemka upya.

Kwanza niwaeleze chakula chenyewe, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nina hasira. Dukani kwangu kuna aina tatu za chakula cha kuku wa mayai, na hazifanani hata kama zote zinaonekana unga. Cha vifaranga ni laini, kina soya na dagaa kwa wingi, na mtoto wa kuku anakula hicho tangu siku anaanguliwa mpaka wiki ya nane. Cha kukuzia kinamfanya arefuke na kukomaa bila kunenepa ovyo, anakula mpaka wiki ya kumi na nane hivi. Cha kutagia kina chokaa nyingi, kwa sababu kuku mkubwa kila siku anatoa ganda la yai na hilo ganda halitoki hewani. Sasa ukimpa chokaa yote hiyo kuku wa wiki tisa, ambaye hana yai wala habari ya yai, inakwenda wapi? Inakwenda kwenye figo. Figo zinaziba, kuku anakunywa maji kama mgonjwa wa sukari, kisha anakufa. Huo si uchawi wala siri ya wazungu. Mtu yeyote aliyefuga kuku kwa akili anajua.

Ndiyo maana kila mteja akiingia, kabla sijashika kipimo, namuuliza kuku wake wana wiki ngapi. Wengine wanakasirika, wanasema mimi ni muuza unga au polisi. Nawaambia kama hawataki kujibu waende kununua mchele wawape kuku wao pilau.

Basi, Illuminée. Mimi namwita Mama Umutoni kwa jina la binti yake, na yeye ananiita Mama Pretty kwa jina la wangu. Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia kule zamani. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Kiswahili chake ni cha Buyenzi, cha kubembeleza, hata akikugombeza unadhani anakukaribisha chai. Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili changu kina pilipili kidogo. Tulipokutana Kigali, Kinyarwanda chetu sote wawili kilikuwa cha kuchechemea, watu wanatucheka sokoni, basi tukajibanza kwenye Kiswahili na mpaka leo hatujatoka.

Alifika Kigali akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Akaanzia maisha mtaa wa Gitega, hapa hapa Kigali, kwenye kibaraza cha duka la mtu, akiuza mayai ya kuchemsha. Anamenya, anapasua katikati, anatia chumvi na pilipili, anakukabidhi kwenye kipande cha karatasi. Miaka kumi na miwili alifanya kazi hiyo. Na mayai yote hayo yalikuwa ya kuku wa watu wengine. Aliniambia kwamba kila asubuhi akipokea trei alikuwa anayashika mayai moja moja na kuwaza kuku aliyelitaga hili anafananaje, anaishi wapi, anakula nini. Watu wanaota magari. Yeye alikuwa anaota banda.

Aliolewa na Norman, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, mcheshi, mtu asiye na makuu. Wakajenga nyumba ya vyumba vitatu hapa Kabeza, nyuma wakaacha uwanja mpana. Uwanja huo ndio ungekuwa wa kuku, walikubaliana tangu msingi unachimbwa. Kisha Norman akaugua moyo, akafariki, miaka minne sasa. Umutoni alikuwa ndiyo kwanza anaanza chuo Huye. Illuminée alilia mwaka mzima, na mwaka wa pili akaanza kupima uwanja kwa hatua zake mwenyewe.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Bayingana. Huyu ni kaka mkubwa wa Norman, mstaafu, anaishi Kanombe, na ana ng'ombe wake Nyagatare. Yeye na Norman walikulia Uganda katika nyumba ya wafugaji. Ni mtu mkubwa, wa kuheshimika. Akipita njiani vijana wanazima sigara. Katika nyumba za namna yao ng'ombe ana jina, ana sifa zake za kuimbwa, ana mtu wa kumlilia akifa. Kuku hana hata salamu. Zamani mtu mzima wa kwao hakula kuku, na mwanamke wa ukoo kuonekana ananuka banda la kuku ilikuwa aibu. Mzee Bayingana alisema mjane wa mdogo wake hawezi kuishi kwa kuokota mayai. Uwanja ule wa nyuma ujengwe vyumba vinne vya kupangisha, yeye mwenyewe atasimamia fundi, na Illuminée akae kivulini apokee kodi kama mama mwenye heshima zake.

Mnaona? Hakuwa anamnyang'anya. Alikuwa anamtunza. Hiyo ndiyo inayoniudhi zaidi, maana mtu anayekunyang'anya unampigia kelele, lakini anayekutunza usivyotaka unamwambia nini?

Sheria ya nchi hii iko upande wa mjane, kila mtu anajua. Nilimwambia Mama Umutoni amjibu hapana, neno moja, yaishe. Akaniambia ndugu za Norman ndio ndugu pekee aliobaki nao duniani, na mtu hawezi kukaa mezani na ndugu huku ameshika sheria mkononi. Kwa hiyo walikaa kikao, na kikao kikatoa neno. Alete hao kuku wake. Ikifika Umuganura, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, siku ambayo ndugu wanakutana kushukuru mavuno na kila mmoja anakuja na alichozalisha, yeye aweke mayai mezani. Mayai yakionekana, habari ya vyumba isitajwe tena. Yasipoonekana, Jumatatu yake fundi anaingia uwanjani. Shangazi yao, Bibi Nyiraneza wa Rwamagana, alikuwepo na ndiye aliyelitamka neno hilo mwishoni, kwa hiyo likawa zito.

Illuminée alikubali akitabasamu. Wiki ya kwanza ya Machi akapokea vifaranga themanini vya siku moja. Alihesabu vizuri kabisa: kuku wa mayai akilishwa sawasawa anaanza kutaga kwenye wiki ya ishirini au ishirini na moja, na Umuganura ingewakuta wana ishirini na mbili. Palikuwa na nafasi, lakini si kubwa. Kosa moja tu lingeila.

Na mwanamke huyo hakukosea. Alitandika maranda makavu, akawawekea jiko la makaa lililozungushiwa bati, akawa anainama kusikiliza sauti zao kama wana baridi au wana joto. Kila Alhamisi alikuja dukani. Namuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu, naye anajibu, wiki tatu, wiki tano, wiki saba. Ilipofika ya nane nilimfundisha kwamba kuku habadilishiwi chakula kwa siku moja, unachanganya kidogo kidogo, leo robo, kesho kutwa nusu, mpaka tumbo lizoee. Akafanya hivyo hivyo. Nilikwenda kuwaona: miguu imenyooka, manyoya yanang'aa, vishungi vidogo vinaanza kupata rangi. Themanini wote, hakuna aliyekufa. Nikamwambia mimi huuza chakula tu, lakini yeye ndiye mfugaji. Alifurahi kama mtoto.

Jumamosi ya wiki ya tisa gari ya Mzee Bayingana ikasimama mbele ya duka langu.

Duka lilikuwa na watu sita au saba. Wote wakamgeukia, wakamsalimia kwa adabu, mmoja akampisha, mimi nikafuta kiti kwa kanga yangu nikampa. Akakaa, akauliza habari za watoto. Kisha akauliza ni chakula kipi kinacholeta mayai. Nikamwonyesha. Akauliza kama ndicho kilicho bora. Nikamjibu kwamba kwa mayai ndicho. Akasema anataka mifuko miwili mizima, anampelekea shemeji yake hapa nyuma, kwa sababu ameona anawalisha kuku wale chakula cha bei ya chini na Umuganura inakaribia. Watu wote dukani wakasema aah, mzee, Mungu akubariki. Mama mmoja akasema mashemeji wa siku hizi hawako hivyo.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Halafu nikaufunga.

Sasa mtaniambia nini? Mtu amekuja kununua, wewe unauza. Mzee wa watu anatoa zawadi mbele ya kadamnasi, wewe mwanamke wa duka umwambie zawadi yako ni sumu? Umwambie hujui kitu, mbele ya watu wanaokupisha njia? Zawadi haikataliwi na mtoa zawadi hasahihishwi, ndivyo tulivyolelewa. Nikajiambia Illuminée anajua, ataipokea, ataiweka stoo mpaka Julai. Nikasaidia hata kuipanga mifuko kwenye gari.

Kesho yake baada ya misa Illuminée akaja nyumbani kwangu, bado amevaa nguo za kanisani. Hakuniuliza kwa nini niliuza. Aliniuliza afanye nini. Nikamwambia aiweke mpaka wiki ya kumi na nane, asithubutu kuifungua. Akasema, "Atakuja kuangalia kama wanakula." Nikamwambia aje aangalie, kwani yeye ni mganga wa kuku?

Na alikuja. Mzee ana shinikizo la damu, daktari alimwambia atembee, basi kila asubuhi anatembea kutoka Kanombe mpaka Kabeza. Jumatatu ile aliingia uwanjani, akaona vihori vina chakula kile cha zamani, akauliza kama zawadi yake ina kasoro. Illuminée akasema haina kasoro hata kidogo. Mzee akavua koti, akamwaga nje chakula cha kukuzia kwa mikono yake mwenyewe, akafungua mfuko wake, akajaza vihori vyote. Akasimama pale mpaka kuku wameshiba. Alimweleza shemeji yake kwamba mtamba anayekaribia kuzaa unaanza kumlisha vizuri miezi kabla, na chumvi ya madini unampa, ili siku ya kuzaa maziwa yawe tayari yamejaa. Ukisubiri mpaka siku yenyewe umechelewa. Kuku ni vilevile, alisema.

Kuku ni vilevile! Mtu mzima, ameishi miaka sabini, anadhani kuku ni ng'ombe mdogo mwenye manyoya. Na mwanamke aliyewalea kuku wale tangu wana siku moja, anayejua kila mmoja analia vipi, amesimama pembeni mikono ameifumba, anasema asante shemeji.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi. Illuminée alijaribu ujanja. Mzee akiondoka tu, anazoa kilichobaki vihorini na kuweka cha kukuzia, lakini asubuhi ndiyo kuku anakula kwa njaa, na walikuwa wameshakula nusu ya chakula cha siku. Halafu mzee akaanza kupita na jioni. Nitawaambia kitu cha kuchekesha kama kisingekuwa kinaumiza: alianza kuwapenda. Yeye ambaye kwao kuku hana salamu, alimchagua mmoja mwekundu akampa jina la ng'ombe, akamwita Gaju. Alikuwa anaingia bandani anaita, "Gaju, Gaju," na kuku anamjia mguuni. Illuminée aliponisimulia alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Nikamwambia acha kucheka, mwambie. Akasema, "Nitamwambiaje sasa, na amefurahi hivi?"

Wiki ya kumi na mbili maranda yakaanza kulowa. Kinyesi kikawa maji matupu na weupe kama umemwaga uji. Vyombo vya maji alivyokuwa anajaza mara mbili kwa siku akawa anajaza mara tano. Kisha mmoja akakaa chini hasimami. Kesho yake wawili. Kisha wakaanza kufa, watatu, wanne kwa siku, bila kelele, unamkuta amelala kifudifudi shingo imenyooka. Gaju alikufa siku ya Jumanne. Mzee alimzika mwenyewe chini ya ukuta, na akaondoka bila kunywa chai.

Nilimleta Clovis, daktari wa mifugo ninayemwamini, kijana hodari asiyependa maneno mengi. Alipasua mmoja pale pale uwanjani, juu ya gunia. Figo zilikuwa zimevimba, na moyo na ini vimefunikwa na unga mweupe utadhani mtu amenyunyiza chokaa kwa kichungi. Hakuhitaji maabara. Akainua kichwa akauliza nani amewapa kuku hawa wadogo chakula cha kutagia.

"Ni mimi," Illuminée akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilitaka kupasuka. Clovis akamwangalia kwa huruma ile ya daktari kwa mtu mjinga, akamweleza taratibu tofauti ya vyakula, wiki hii hiki, wiki ile kile, kama vile anamfundisha mtu aliyenunua kuku jana. Na Illuminée anaitikia kwa kichwa, anasema asante daktari, nitakumbuka. Clovis alipoondoka nilimgombeza Illuminée mpaka jirani wa pili akachungulia. Nilimwambia heshima si utumwa. Nilimwambia yeye anamlinda mtu aliyemuulia kuku, na huyo mtu anajenga vyumba kichwani mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema anajua, kisha akachukua jembe kwenda kuzika.

Bahati, kama inaweza kuitwa bahati, ng'ombe wa mzee walipata kupe kule Nyagatare na akaenda kukaa huko wiki kadhaa. Illuminée akaondoa chakula kile siku hiyo hiyo, akarudisha cha kukuzia, akawapa maji safi na mboga. Vifo vikapungua, kisha vikaisha. Kwa simu alimwambia shemeji yake kuwa ulikuwa ugonjwa. Walibaki arobaini na watatu, wamedumaa, vishungi vimepauka, wengine wanachechemea. Clovis alisema baadhi yao watataga, lakini si Agosti. Labda Oktoba, labda baadaye, na wengine pengine kamwe.

Umuganura ikafika. Ndugu wakakusanyika nyumbani kwa Illuminée, watu kumi na tano hivi, na mimi nikaalikwa kama jirani. Bibi Nyiraneza alileta maharage na mtama kutoka Rwamagana. Mwingine alileta ndizi, mwingine asali. Mzee Bayingana alileta maziwa mgando ya ng'ombe wake, akawamiminia wote kwa mkono wake. Vyote vilipangwa kwenye meza ndefu, vikaombewa. Illuminée alikuwa ametandaza kitambaa cheupe upande wake wa meza, na juu ya kitambaa hakukuwa na kitu. Angeweza kutuma mtu dukani akanunua trei mbili, nani angejua? Nilimpa wazo hilo mimi mwenyewe. Alinitazama kama nimemtukana.

Mzee akasimama. Hakumcheka mtu, niseme ukweli. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa huzuni. Alisema wote wameona shemeji yao alivyojitahidi. Alisema yeye mwenyewe aliwalisha kuku wale kwa mikono yake, chakula kilicho bora kuliko vyote, asubuhi na jioni, na hata alianza kuwazoea. Kama baada ya yote hayo hakuna yai hata moja, basi Mungu ameonyesha kwamba uwanja huo si wa kuku. Fundi atakuja Jumatatu. Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Illuminée alikuwa anaangalia kitambaa chake.

Hapo nikashindwa. Wahenga walisema heri lawama kuliko fedheha, na mimi nilikuwa nimechoka na fedheha. Nikasimama mbele ya ukoo wa watu, nikasema yote. Wiki tisa, mifuko miwili, chokaa, figo, Clovis na gunia lake, vihori vilivyomwagwa nje kila asubuhi, mjane aliyesema "ni mimi" wakati si yeye. Sikuacha kitu. Nilisema, "Mzee, Mungu hajaonyesha chochote hapa. Kuku wamekufa kwa zawadi yako." Nilijiona nimetenda haki, nilijiona mkubwa kuliko meza ile.

Mzee Bayingana aliweka chini glasi ya maziwa. Hakukasirika. Uso wake ulibadilika, akawa mzee kweli.

"Chakula kile nilinunua kwako," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na nilikuambia kinakwenda kwa nani."

"Ulisema, mzee."

"Mimi najua ng'ombe, mama. Kuku sijui. Nilikuja dukani kwako kwa sababu wewe ndiye unajua. Ungeniambia, mzee, wale bado wadogo, chukua kile kingine, ningebeba kile kingine. Nani angekataa?"

Nilikuwa nimesimama na watu kumi na tano wananitazama, na nilikuwa najua umri wa kuku wale kuliko ninavyojua umri wangu. Nikakaa.

Mzee akamgeukia Illuminée, akamuuliza kama na yeye alijua. Illuminée akasema alijua tangu siku ya kwanza. Mzee akauliza kwa nini basi alinyamaza, na akamuona yeye anakuja kila siku, na Gaju anakufa. Illuminée akasema, "Ulikuwa umeleta zawadi, shemeji." Kila mtu mezani pale alielewa, maana kila mmoja angefanya hivyo hivyo.

Mwisho Bibi Nyiraneza akakohoa, akasema yaliyotokea yanasikitisha na hakuna aliyekusudia mabaya, lakini neno la kikao lilikuwa mayai, na mayai hayapo, na neno la wakubwa likianza kurudishwa nyuma ukoo hautasimama. Wakubwa wakaitikia. Mzee Bayingana naye, akiwa ameinamisha kichwa, akasema taratibu kwamba ndivyo, neno ni neno. Nikaona Illuminée anaanza kukunja kile kitambaa cheupe, na nikajua atasema asante, kama kawaida yake.

Alikikunja mara nne, akakiweka mezani, akasimama.

"Shemeji, na wewe Bibi, nawaheshimu," akasema, kwa sauti ile ile ya Buyenzi, ya kubembeleza. "Lakini kwa adabu hii nimezika kuku thelathini na saba. Uwanja siuziki pamoja nao. Ni wangu na wa Norman. Fundi asije Jumatatu."

Yeye hakungoja jibu. Akachukua upawa, akaanza kupakua chakula, na sahani ya kwanza akampelekea Mzee Bayingana kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo kama inavyostahili kwa kaka mkubwa wa mumewe. Mzee aliitazama sahani ile muda mrefu, kisha akaipokea, akaanza kula. Akampelekea Bibi Nyiraneza, akazunguka meza nzima, mmoja mmoja. Mimi alinipakulia wa mwisho, na alipoiweka sahani mbele yangu hakuniangalia.